Uwe Tayari: Somo juu ya Maskauti, Kambi Yao na Utumishi Wao



Katika sharika nyingi na shule nyingi twawaona vijana wenye skafu shingoni, wakikusanyika chini ya miti siku ya Jumamosi, wakifunga na kufungua kamba, wakienda porini na mahema na sufuria. Hao ndio maskauti. Wazazi wengine huwafurahia. Wengine hunung'unika, husema, "Mbona watoto wetu hupelekwa kulala chini porini, na hali kazi za nyumbani zimejaa? Kama shabaha ni kuwasaidia watu, si wabaki hapa wawasaidie?" Tena wako walimu wapendao kuona vijana wakifagia njia na kuwachotea wazee maji, lakini kambi huihesabu kuwa mchezo, basi huiacha. Na wengine hufanya kinyume: kila likizo huwapeleka vijana kambini, wakaimba, wakala, wakarudi, wala hapana mjane wala mgonjwa aliyepata faida kwa safari ile.

Neno tunalotaka kujifunza mwezi huu ni hili: kambi na utumishi si mambo mawili, ni jambo moja. Kijana huenda porini ili mikono yake ipate kujua kazi. Kisha hurudi kijijini ili mikono hiyo iwafae watu. Akikosa la kwanza, la pili litamshinda, hata akiwa na moyo mwema namna gani. Moyo wa huruma peke yake haufungi jeraha.

1. Chanzo cha jambo hili

Mwanzilishi wa maskauti ni Robert Baden-Powell, aliyezaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Alikuwa askari wa Uingereza miaka mingi, katika nchi ya India na huku Afrika. Vita alivyopigana vilikuwa vya kupanua na kulinda dola ya Waingereza, nasi hatuandiki haya ili kuvisifu. Twataka tu kulitazama jambo moja aliloliona. Mji wa Mafeking, kule Afrika Kusini, ulipozungukwa na adui siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900, wavulana wa mji walipewa kazi ya kupeleka barua na habari, ili watu wazima wapate nafasi ya kazi nyingine. Baden-Powell akaona ya kuwa mtoto aliyepewa kazi ya kweli huifanya kwa kweli.

Mwezi wa Agosti 1907 akalijaribu wazo lake wakati wa amani. Akachukua wavulana wapatao 20, akavuka nao kwenda kisiwa cha Brownsea, karibu na mji wa Poole, Uingereza. Wengine walikuwa wana wa matajiri kutoka shule za gharama kubwa. Wengine walikuwa wana wa watu wa kazi kutoka Poole na Bournemouth. Katika siku zile watoto wa namna hizo mbili hawakukaa pamoja. Yeye akawachanganya, akawagawa katika vikosi vinne vidogo, kila kikosi na jina lake la mnyama au ndege, na kila kikosi na mvulana mmoja kiongozi. Asubuhi waliamshwa kwa baragumu la pembe ya tandala, iliyotoka huku Afrika. Kila siku ilikuwa na fundisho lake: siku hii kupiga kambi, siku hii kuangalia nyayo na alama, siku hii kuokoa watu motoni na majini.

Mwaka 1908 akatoa kitabu chake kwa wavulana, nao wakakinunua kidogo kidogo, kilipokuwa kikitoka sehemu kwa sehemu. Wengi hawakungoja mtu mzima awaite. Walifanya vikosi vyao wenyewe mitaani. Mwaka uliofuata wasichana nao walijitokeza katika mkutano wa maskauti pale Crystal Palace, London, wakataka kupokelewa; na mwaka 1910 kikaanzishwa chama chao cha Girl Guides, kilichoongozwa kwanza na Agnes, dada yake Baden-Powell. Leo maskauti ni zaidi ya milioni 50 ulimwenguni.

Hapa yako mambo mawili ya kuangaliwa na kila mwalimu. La kwanza, tangu mwanzo watoto waliongozwa na watoto wenzao katika vikosi vidogo. Kikosi kina watu 6 hadi 8, maana wakizidi hapo mvivu hupata pa kujificha. Mwalimu hakuwekwa awe mpishi wao wala mbebaji wao. Aliwekwa awafundishe viongozi, nao wawafundishe wenzao. La pili, sare ilikusudiwa kuficha tofauti ya tajiri na maskini. Basi, usharika ukimwambia mtoto, "Huna shati la skauti, keti kando," umeigeuza sare kuwa ukuta, nayo ilitolewa iwe daraja. Skafu moja iliyoshonwa kwa kitambaa cha bei nafuu, sawasawa kwa wote, yatosha.

Sheria ya maskauti husema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwenziwe. Sheria hii imevunjwa, tena na watu wazima. Kule Afrika Kusini vijana Waafrika hawakupokelewa katika chama kimoja na vijana Wazungu. Walifanyiwa chama chao mbali, na vyama vyote havikuwa kimoja mpaka mwaka 1977. Twalitaja jambo hili ili tujihoji wenyewe. Je, katika kundi letu kuna mtoto anayeachwa nje kwa sababu ya kabila lake, au dini ya baba yake, au kilema chake? Kijana asiyeona vema aweza kufunga fundo gizani kuliko wenzake wote. Mtoto asiyeweza kutembea aweza kuwa mtunza saa na mwandishi wa kikosi.

2. Kuwa tayari ni nini?

Neno kuu la maskauti ni "Uwe tayari". Wahenga wetu walikwisha kulisema kwa namna yao: tahadhari kabla ya hatari. Watu wengi hudhani ya kuwa kuwa tayari maana yake ni kutaka. Sivyo. Kuwa tayari ni kutaka, na kujua, na kuwa na kitu mkononi.

Mkumbukeni Msamaria wa mfano ule mnaoujua. Watu humsifu kwa huruma yake, nao hawakosi. Lakini tazameni tena: alikuwa na mafuta na divai, alijua kufunga jeraha, alikuwa na mnyama wa kumpakiza mgonjwa, tena alikuwa na dinari mbili za kumpa mwenye nyumba ya wageni. Kama angalifika pale na machozi tu, yule mtu angalikufa njiani na mwenye huruma amesimama karibu naye.

Na tutoe mifano ya siku zetu.

Mtoto ametumbukia bwawani. Mwenziwe ampendaye amrukia ili amwokoe, naye hajui kuogelea. Au ajua, lakini yule azamaye amkumbatia shingo kwa hofu. Habari za misiba miwili badala ya mmoja tumezisikia mara nyingi. Skauti aliyefundishwa hupiga kelele kwanza ili watu waje. Kisha hulala kifudifudi ukingoni, akanyosha mti mrefu au kanga iliyosokotwa. Na kama mahali ni mbali, hutupa kamba iliyofungwa dumu tupu lenye kifuniko, maana dumu huelea na kumchukua mtu. Haruki majini. Kazi hii haitaki ushujaa mkubwa. Yataka kamba iliyo tayari, na fundo la kitanzi kisichojikaza, ambalo mikono imelifunga mara mia mchana na usiku.

Mtoto ameungua kwa uji wa moto. Nyumba nyingi humpaka mafuta, au dawa ya meno, au unga, au majivu, kwa mapenzi yote, nao humzidishia maumivu na kukitia kidonda uchafu. Aliyejifunza huondoa bangili na nguo zisizoganda mwilini, humwagia mahali pale maji safi ya baridi kwa dakika 20, hufunika kwa kitambaa safi, kisha hupeleka hospitali.

Mtoto mdogo anaharisha, na zahanati ni mbali. Katika lita 1 ya maji safi, skauti hutia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, akakoroga. Mtoto akanywa kidogo kidogo huku akipelekwa. Chumvi ikizidi yaleta madhara, kwa hiyo vipimo havikisiwi. Neno dogo kama hili limewaokoa watoto wasiohesabika duniani, na kijana wa miaka 12 aweza kulishika kwa muda wa robo saa.

Mtu ameumwa na nyoka. Zamani watu walifundishwa kuchanja jeraha, kufyonza damu, na kukaza kamba juu yake. Sasa waganga wa hospitali wamekataza mambo hayo yote matatu, kwa kuwa huongeza madhara. Mgonjwa atulie, asitembee, kiungo kisichezechezwe, avuliwe pete na viatu vinavyobana, abebwe kwa machela upesi mpaka hospitali. Ndiyo sababu mwalimu hana budi kumwomba muuguzi au mganga wa zahanati aje kila mwaka kuyasahihisha mafundisho ya kundi lake. Ujuzi wa jana ukifundishwa leo pasipo kuulizwa waweza kuua.

3. Kambi ndiyo shule yake

Sasa tujibu swali la wazazi: kwa nini porini? Kwa sababu nyumbani kosa la mtoto huchukuliwa na mama yake. Akisahau kuni, mama hutafuta. Akimwaga maji, mama huchota mengine. Kambini kosa humrudia mwenyewe kabla ya jua kutua. Aliyekosa kufunga hema vema hulowa usiku. Kikosi kilichocheza badala ya kutafuta kuni hula viazi vibichi. Hapana haja ya fimbo wala maneno makali; mvua na njaa vimekwisha kusema. Kijana aliyejifunza kujitunza pasipo kuwa mzigo kwa wengine, huyo ndiye aliyeanza kuwa na nafasi ya kuwabebea wengine mizigo yao.

Lakini mwalimu apambanue kosa liletalo tabu na kosa liletalo hatari. Wali ukiungua, waacheni waule ulioungua. Moto ukianza kutambaa, msingoje.

Haya ndiyo mambo makubwa ya kambi, yafundishwe kabla ya safari na kutendwa huko.

Moto. Usiwashwe penye majani makavu, wala upepo ukiwa mkali. Mahali pafyekwe mpaka udongo mtupu uonekane, hatua kadhaa pande zote, na ndoo ya maji au ya mchanga ikae karibu. Mtu mmoja awe mlinzi wa moto, naye asiondoke mpaka mwingine ashike zamu yake. Wakati wa kuondoka, moto umwagiwe maji, ukorogwe, umwagiwe tena, mpaka mtu aweze kuweka kiganja juu ya majivu asisikie joto. Ndugu zetu wa Kilimanjaro wanajua kwa nini twasisitiza hivi: mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka katika sehemu za juu za mlima ule, ukaendelea siku nyingi, na mamia ya watu wakapanda kupigana nao.

Maji. Maji ya mto yaonekanayo safi si lazima yawe safi. Yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1. Na milimani, juu ya mita 2,000, yatokote dakika 3, kwa maana huko juu maji hutokota kabla ya kupata joto kama la pwani.

Choo na kunawa. Choo kichimbwe upande wa chini, mbali na maji, si chini ya mita 30, yaani kama hatua 40 za mtu mzima. Na kila mtu afukie kwa udongo. Karibu nacho pawekwe kibuyu chirizi: dumu dogo lenye tundu, limetundikwa juu ya mti, na kamba kutoka shingo ya dumu mpaka kijiti cha kukanyagwa kwa mguu. Mtu hukanyaga, maji humchirizikia, wala mkono mchafu haugusi dumu. Sabuni itundikwe kando yake. Vijana wakikizoea kibuyu hiki kambini, wakirudi wataweza kukifanya katika kila nyumba ya mtaa wao. Hapo ndipo mwaona, wapenzi, jinsi kambi na utumishi zilivyo jambo moja.

Zamu. Kila kikosi kiandike karatasi ya zamu: nani wa maji, nani wa kuni, nani wa kupika, nani wa kuosha, nani wa ulinzi. Zamu zibadilike kila siku, na kiongozi wa kikosi aoshe sufuria kama wengine. Kiongozi asiyeosha sufuria huwafundisha wenzake ya kuwa uongozi ni kupumzika.

Kuondoka. Mashimo yafukiwe, takataka zote zichukuliwe, na vijana wapange mstari, watembee polepole kuvuka uwanja wakiokota hata kifuniko cha chupa. Mwenye shamba akija kesho yake asijue palipokuwa na hema, ila aone shukrani tu.

4. Utumishi ulio wa kweli

Maskauti huagizwa watende tendo jema kila siku. Baden-Powell aliwashauri wavulana wafunge fundo katika skafu zao, liwakumbushe deni la siku ile. Nalo tendo laweza kuwa dogo: kuondoa jiwe njiani, kumvusha mzee, kumwonyesha mgeni njia. Wala hawapokei malipo. Wahenga walisema: tenda wema, nenda zako.

Lakini tendo la kundi zima lahitaji mashauri zaidi. Tuseme yuko bibi mmoja mzee akaaye peke yake. Jumamosi vijana 30 wafika na fagio, wapiga nyimbo, wafagia uwanja ambao haukuwa mchafu sana, wapigwa picha, wakaondoka. Jioni bibi hana maji. Sasa tuseme kikosi kimoja cha vijana 6 kilitangulia kumwendea, kikaketi, kikamwuliza, "Shikamoo, bibi. Ni kazi gani ya juma ikuchoshayo kuliko zote?" Naye akajibu, "Maji, wajukuu zangu." Basi wakagawana siku: kila mmoja siku yake, dumu moja la lita 20, na Jumapili wafanye kwa zamu. Hapana nyimbo wala picha. Kazi hii kwa macho ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini bibi ana maji kila siku. Tena kijana ampelekaye maji ndiye atakayegundua kwanza kwamba bibi ameugua.

Basi, kabla ya kuchagua kazi, kundi lijiulize maneno manne:

(a) Je, tumemwuliza mwenye shida? Kuuliza si ujinga. Nako humpa mzee heshima yake, asifanywe kama kitu cha kufanyiwa mazoezi.

(b) Je, twaijua kazi hii? Kama hatuijui, ni nani atakayetufundisha kwanza?

(c) Je, tutaimaliza, au tutaiacha katikati?

(d) Je, tungeifanya kama hapana mtu wa kutuona?

Neno la tatu lina mfano mzuri katika upandaji wa miti, kazi ambayo makundi mengi huipenda. Ni rahisi kupanda miche 500 siku moja mbele ya wageni. Na mwezi wa nane mbuzi na jua vimekwisha kuila yote. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika nchi ya Nyeri, Kenya, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004, alianzisha mwaka 1977 kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini. Wanawake wale walipewa fedha kidogo kwa kila mche, lakini si kwa mche uliopandwa: kwa mche uliopona. Tazameni hekima ile. Hesabu haikufanywa siku ya kupanda. Ilifanywa baadaye, miti ilipokuwa imesimama. Nasi twashauri kila kundi lifanye vivyo hivyo. Kila kijana apande miti 3, aiwekee miiba kwa ajili ya mbuzi, aimwagilie wakati wa kiangazi. Na taarifa kwa wazee wa usharika iandikwe baada ya mwaka, ikitaja miti iliyo hai.

5. Ulinzi wa watoto

Mzazi anayekabidhi mtoto wake ametoa kitu asichoweza kurudishiwa kikipotea. Kwa hiyo mambo haya yasilegezwe hata kidogo. Wazazi watoe ruhusa kwa maandishi, na waseme kama mtoto ana kifafa, pumu, au ugonjwa mwingine, na dawa zake ni zipi. Watu wazima wasipungue wawili wakati wo wote, na kundi lenye wasichana liwe na mama wa kuwaangalia. Mtu mzima asikae na mtoto mmoja peke yake mahali pa siri, wala asilale katika hema moja na watoto. Asiyejulikana tabia yake asipewe kundi, hata akiwa fundi wa mafundo yote. Watoto wahesabiwe kila wafikapo na kila waondokapo. Wasiingie majini pasipo mlinzi aliye na kamba mkononi. Na njia ya kwenda zahanati iliyo karibu ijulikane kabla ya hema la kwanza kusimamishwa, pamoja na mtu mwenye chombo cha kuchukua mgonjwa.

Tena mtoto aambiwe waziwazi ya kuwa mtu akimtenda au kumwambia jambo la aibu, aseme, naye atasikilizwa. Kundi lifundishalo kuwa tayari, na lenyewe liwe tayari kwa hili.

6. Ahadi

Kijana aingiapo hutoa ahadi kwamba atajitahidi kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa nchi yake, kuwasaidia watu nyakati zote, na kushika sheria ya maskauti. Maskauti si chama cha kanisa moja. Ndani yake wako Wakristo wa namna nyingi, na Waislamu, na wengine. Usharika ulio na kundi, na umlee mtoto wake katika imani yake, lakini mtoto wa jirani asivutwe kwa hila. Akiona tumemtunza kambini kwa haki na upole, amekwisha kusikia neno letu moja kubwa.

Angalieni pia neno "nitajitahidi". Mtoto haahidi kuwa mkamilifu. Aahidi kujaribu kwa nguvu zake zote; nasi tulio wakubwa twadaiwa kumpa mahali pa kujaribia, na kazi iliyo ya kweli.

Baden-Powell alikuja kukaa Nyeri katika uzee wake, akafa huko tarehe 8 Januari 1941, akazikwa mahali unapoonekana mlima wa Kenya. Juu ya jiwe la kaburi lake ipo alama ndogo: duara yenye nukta katikati. Ni alama ambayo maskauti huiacha njiani ili wafuatao waisome, na maana yake ni kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Basi kazi imebaki kwa wanaofuata njiani. Njia hiyo yapita katika mitaa yetu wenyewe: kwenye bwawa lisilo na kamba, kwenye nyumba ya mzee isiyo na maji, kwenye choo kisicho na kibuyu cha kunawia. Vijana tunao. Na tuwafundishe mikono yao, kisha tuwaachie kazi.

Maswali kwa wanaojifunza pamoja

1. Katika mtaa wetu, ni hatari gani tatu zinazoweza kuwapata watoto, na ni vijana wangapi wanaojua la kufanya?

2. Kwa nini haitoshi kuwa na huruma? Toeni mfano mliouona wenyewe.

3. Kambi yetu ya mwisho iliwafundisha vijana nini ambacho kimewafaa watu kijijini?

4. Yuko mtoto gani asiyekuja kwa sababu hana sare? Tutafanya nini kabla ya mwezi kwisha?

5. Miti tuliyopanda mwaka jana, iliyo hai ni mingapi? Nendeni mkaihesabu.